Suluhu kwa Pande la Sukari

Mwezi wa Mizani, siku ya pili

Kwa jina la Mola, atoaye bila kusimanga. Leo nimeikuta kalamu ya mwanzi ya marehemu mume wangu, imefungwa kitambaani pamoja na karatasi zilizobaki dukani kwake. Bibi aliyenifundisha kusoma msahafu utotoni alikuwa akituambia mwanamke akijua kusoma yatosha. Kuandika ni kumtafutia Shetani kibarua. Mungu anisamehe. Arobaini ya baba imekwisha, wageni wamerudi kwao, na mimi Gauhar nina maneno mengi kuliko masikio yaliyobaki humu ndani.

Makomamanga ya upande wa juu yameanza kuiva. Kaka Fathali amesema lisikatwe hata moja mpaka la kwanza lipasuke lenyewe. Baba alikuwa akisema hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Nilijificha jikoni nikalia kidogo.

Mizani, ya tano

Upepo kutwa. Nimefagia majani, yameanguka mengine, nimefagia tena.

Mizani, ya nane

Leo pameharibika. Mdogo wangu Mahliqa alikuja asubuhi, hakuvua hata viatu vizuri, akakaa mbele ya kaka na kusema, "Kaka, arobaini imekwisha. Tugawane. Wewe mafungu mawili, dada moja, mimi moja, kama sheria ilivyosema. Sitaki cha mtu."

Kaka aliiweka chini bilauri ya chai. "Kaburi la baba halijakauka, na wewe unataka kupima maji?"

"Kaburi halijakauka, kaka. Milozi yangu imekauka."

Ni kweli kwamba mumewe alimwachia kijibustani huko mtaa wa chini, milozi na mikomamanga michache, lakini maji hakumwachia. Miaka yote hii baba alikuwa akimkatia kidogo kutoka zamu yake mwenyewe ya maji ya mfereji. Sasa baba hayupo, na zamu ya baba ni urithi wetu sote, ardhi na maji.

Wifi yangu Shahrbanu, mke wa kaka, alicheka kutoka kwenye samawari ya chai. "Ulimi huu angekuwa nao mumeo, wifi, angekufa tajiri."

"Na kaka angekuwa na wako, sote tungekuwa viziwi," Mahliqa akamjibu.

Kaka aliinua mkono, wakanyamaza. "Mdogo wangu, damu nzito kuliko maji."

"Hapa kwetu sijaona kizito kuliko maji," akasema Mahliqa, akainuka, akaondoka na kiatu kimoja hakijaingia sawasawa.

Naandika kama nilivyoona: nilimwona ana moyo mkavu. Mimi sina mtoto. Nalala chumba cha kaskazini cha kaka, nala sufuria moja naye. Hata yale maji ya mahari yangu, niliyoandikiwa na mume wangu siku ya ndoa, yanapita bustanini mwa kaka na sijawahi kuyauliza yanakwenda wapi. Dada mwema hashiki mizani mbele ya kaka yake. Ndivyo tulivyolelewa.

Mizani, ya kumi na mbili

Tumeanza kuvuna. La kwanza lilipasuka usiku wa kuamkia leo, upande wa mashariki, limecheka meno yote nje. Wanaume wanakata, sisi wanawake tunachagua chini: mazima yalazwe kwenye majani makavu, yaliyopasuka yaende kwenye sufuria kubwa. Miiba imenichana mikono yote.

Mahliqa hakuja. Tangu tukiwa watoto haijatokea. Turan, binti yake, nilimwona akipita njiani na mtungi, akanisalimia, "Shikamoo mama mkubwa," bila kusimama.

Mizani, ya kumi na tano

Kaka hataki jina la Mahliqa litajwe kwenye chakula. Tunakula kama watu walioazimwa.

Mizani, ya kumi na tisa

Alhamdulillahi. Kaka amekuja chumbani kwangu baada ya sala ya alasiri, akakaa chini kama alivyokuwa akikaa zamani, mgongo ukutani. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada, baba amenijia usingizini. Hakusema na mimi. Alisimama mlangoni tu, ananitazama."

"Anataka mpatane," nikasema.

"Basi twende tukafanye suluhu. Kwa Mulla Hedayat, mbele ya mtu wa Mungu, liwe jambo lenye heri. Wewe na Mahliqa na mimi. Lakini mimi nikimwita hatakuja. Wewe mwite. Kwako atakuja."

Nilimbusu bega. Nimesali rakaa mbili za shukrani. Nimechagua makomamanga saba mazuri kumpelekea Mahliqa, yale yenye taji refu anayoyapenda.

Mizani, ya ishirini

Nilimkuta anasokota pamba. Turan alinitandikia mkeka. Nikamweleza.

Mahliqa hakusimamisha gurudumu. "Suluhu ipi, dada? Ya kushikana mikono au ya kushikana mali?"

"Suluhu ni suluhu, Mahliqa. Unataka iwe na mikia mingapi?"

"Paka ana mkia mmoja tu, na bado simwachii maziwa."

Turan akacheka mpaka pamba ikamtoka mkononi. Nami nilicheka. Kisha nikamsomea ile aya ya suluhu niliyofundishwa utotoni, kipande kile ninachokijua kwa moyo, kwamba ni jambo la heri. Nikamwambia baba amesimama mlangoni usingizini na hataki kuingia, mpaka sisi tupatane.

Gurudumu lilisimama. Alifuta pua kwa ncha ya ushungi. Naye alimpenda baba. Pengine kuliko sisi sote.

"Haya, dada," akasema. "Wewe ndiye msomi wetu. Ukisema ni heri, ni heri."

Mizani, ya ishirini na mbili

Nataka kuiandika siku hii yote nisisahau.

Tulitoka watatu, kaka mbele, sisi nyuma. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kwanza, moshi wa majani umelala juu ya kuta. Mahliqa alikuwa amevaa baibui lake la Idi. Nyumbani kwa Mulla Hedayat walitupeleka nyuma ya pazia la kijani, kaka na wanaume wengine wawili wakakaa upande wa mulla. Wenyewe hatuwaoni, ila viatu vyao chini ya pindo.

Mulla alisoma kutoka karatasini. Alisoma haraka, Kiarabu na Kiajemi vimechanganyika kama dengu na ngano kwenye supu. Nilisikia jina la baba, nikasema Mungu amrehemu. Nilisikia "suluhu" mara nyingi, nikafurahi kila mara.

Kisha akauliza, "Nani hapo nyuma anaijua sauti ya huyu bibi mdogo?"

"Mimi," nikasema. "Ndiye Mahliqa binti wa marehemu Karbalai Rajabali. Tumetoka tumbo moja."

"Bibi Mahliqa, umefanya suluhu na ndugu yako Fathali, kama ilivyosomwa?"

Mahliqa alinitazama. Nilimgusa goti.

"Nimefanya."

"Kwa hiari yako? Hukulazimishwa?"

"Kwa hiari yangu."

Mkono uliingiza sahani chini ya pazia. Juu yake mapande mawili ya sukari ya mawe, ya manjano, yanang'aa kama kaharabu. "Umepokea?" akauliza mulla.

"Nimepokea," akasema mdogo wangu, akalichukua lake. Kisha akaniuliza mimi vilevile, nami nikajibu vilevile, nikachukua langu. Nilidhani ni tamu ya kupatana, kama ile tunayopeleka kwenye posa.

Nje kaka alitubusu vichwani juu ya mabaibui, akalia. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Mpaka kufa kwangu nitasema yalikuwa ya kweli.

Njiani Mahliqa alilifunga pande lake kwenye ncha ya ushungi. Nilimwambia ale, njia ndefu. "Nitaila siku maji yatakapofika kwangu," akasema, akanishika mkono kama tulipokuwa wadogo tukienda kuokota njugu za majozi.

Mizani, ya ishirini na tatu

Nimekunywa chai na sukari ile, kidogo kidogo mdomoni, hadi ikaisha. Tamu mno. Usingizi ulikuwa mwema.

Mizani, ya ishirini na saba

Tumemaliza upande wa chini. Wifi amefungua sufuria kubwa, tumeanza kukamua.

Akrabu, ya nne

Ee Mola.

Leo asubuhi ilikuwa siku ya zamu ya baba. Mahliqa alipita kunichukua, jembe begani, Turan nyuma na sepetu. Tukaenda pale mfereji unapotoka chini ya ardhi, mahali anapokaa mzee Heydar mgawa maji. Alikuwa na beseni lake mbele, na kile kibakuli cha shaba chenye tundu kikielea. Kikijaa na kuzama, bakuli moja la maji limekwisha. Ndivyo tunavyopimiana hapa tangu mababu.

"Shikamoo mzee Heydar. Nifungulie fungu langu," akasema Mahliqa.

Mzee aliangalia kibakuli chake. "Fungu lipi, mwanangu?"

"La urithi wangu kwa baba. Robo ya zamu."

"Zamu ya marehemu sasa ni ya Karbalai Fathali yote."

"Yote vipi? Tulipatana. Muulize dada."

"Hata mimi nimesikia mlipatana," mzee akasema polepole. "Uliisuluhisha kwa kaka yako, bibi. Yako na ya dada yako. Maji na miti. Imeandikwa, ina mihuri. Kijiji kizima tunajua. Nilidhani nawe unajua."

Kibakuli kilizama. Kililia kidogo kilipogusa shaba ya chini. Mzee alikitoa, akakimwaga, akakirudisha, maana kazi ni kazi.

Mahliqa aliliweka jembe chini, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akanitazama. Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana.

"Dada," akasema, "ulisema ni heri."

Waliondoka, yeye na Turan. Jembe nimelirudisha mimi.

Akrabu, ya tano

Nimesema na kaka. Alikuwa ghalani anapanga makomamanga, taji juu, kama baba.

"Ulituambia suluhu," nikasema.

"Na mlifanya suluhu. Nilitaja neno gani lingine, dada?"

"Ulisema baba amekujia usingizini."

"Alinijia. Wallahi alinijia."

"Akakuambia umnyang'anye Mahliqa?"

Alilifuta komamanga kwa kiganja, akaliweka. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

"Bustani hii alipanda babu. Nikiimega, fungu lake litakwenda kwa Turan, na la Turan litakwenda kwa mume atakayemwoa Turan, pengine mtu wa mjini Kashani, ambaye hata babu yake hatumjui. Baada yake atauza kwa nani? Dada zake baba, wote, walifanya suluhu na baba. Uliwahi kuwasikia wanalalamika?"

Nilifikiri. Sikuwahi kuwasikia wakilalamika. Sikuwahi kuwasikia wakisema lolote.

"Mahliqa akikosa unga, hajui mlango wangu?" akaendelea. "Nimewahi kumnyima?"

"Unga ataomba, kaka. Maji yalikuwa yake."

"Wewe mwenyewe ulikubali lako, hata hukuuliza."

Nimerudi chumbani. Sikula.

Akrabu, ya saba

Nimekwenda kwa Mulla Hedayat peke yangu. Nilidhani nitamkuta mtu mbaya. Ni mzee mwenye kifua kibovu, anakohoa kwenye leso, akaagiza niletewe mto wa kuegemea.

"Binti yangu," akasema kutoka ng'ambo ya pazia, "katika nyumba zenu suluhu ni kupatana. Katika nyumba hii suluhu ni mkataba. Mtu anamwachia mwenziwe mali, mwenziwe naye anatoa kitu, hata kiwe kidogo, ili mkataba usimame. Ndiyo ile sukari. Karbalai Fathali aliniambia dada zake wote wawili wanajua na wameridhika. Hamkuambiwa?"

"Tuliambiwa suluhu."

Alikohoa kwa muda. "Nami nilimuuliza mdogo wako. Alisema kwa hiari. Nikauliza nani anaijua sauti yake. Nani alinijibu?"

"Mimi."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ndiye."

"Basi nifute nini, binti yangu? Sauti ile si yake?"



Akrabu, ya kumi na moja

Mvua. Makomamanga yaliyobaki mitini yamepasuka yote.

Akrabu, ya kumi na mbili

Mvua.

Akrabu, ya kumi na tatu

Mvua. Sikwenda kwa Mahliqa. Nilijiambia ni tope.

Akrabu, ya kumi na tano

Nilikwenda. Turan alisema mama amelala. Ndani nilisikia gurudumu la kusokotea likizunguka.

Akrabu, ya kumi na nane

Baada ya alfajiri nimefungua msahafu nikaitafuta aya ya suluhu. Maisha yangu yote nimekuwa nikiisoma kipande, ile sehemu tamu, kama mtoto anayenyonya punje za komamanga na kutema kokwa. Leo nimeisoma mpaka mwisho, kidole chini ya kila neno, pamoja na maelezo ya pembeni. Mara baada ya neno la heri pametajwa uchoyo wa nafsi. Mstari huohuo. Hakuna hata nafasi ya kuvuta pumzi katikati.

Bibi yule alitufundisha kusoma. Hakutufundisha kuendelea.

Akrabu, ya ishirini na nne

Tumechemsha maji ya komamanga kutwa, mimi na wifi Shahrbanu, kila mtu na mwiko wake mrefu. Yakiachwa kidogo yanaungua chini, kwa hiyo huwezi kuondoka, hata kama hutaki kumwona uliye naye. Mimi sikutaka kumwona. Nilikuwa nimeamua kwamba haya yote yametoka kichwani mwake.

Povu lilipogeuka jeusi, akasema bila kuniangalia, "Umekonda, wifi. Nyumba itasema nakunyima."

"Sina njaa."

"Ni ile sukari. Inakaa tumboni." Akakoroga. "Mimi yangu niliila kwetu, mwaka nilioletwa hapa. Kaka zangu watatu. Shamba la ngano na nusu ya kinu. Walinipa pande jeupe safi, kubwa kuliko lenu, sisi kwetu ni watu wa maana."

Nilimgeukia. Alikuwa anacheka kwa mdomo tu.

"Ulijua ni nini?"

"Nilijua. Mama aliniambia kabla. Akasema, mwanangu, ukikataa, siku mumeo akikupiga utarudi kwa nani? Nikala." Akaonja mwiko, akakunja uso. "Basi ulipomleta Mahliqa nikadhani nawe umemwambia. Nikasema moyoni, Gauhar ni jasiri, mimi nisingeweza kumwambia ndugu yangu."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii na nimemfahamu leo, mbele ya sufuria.

Kausi, ya tatu

Baridi kali. Turan ameleta chungio letu walilokuwa wameazima tangu msiba, na kikaango, na ungo. Vimeoshwa.

"Kwani hamvihitaji tena?" nikamuuliza.

"Tunahama, mama mkubwa. Kashani, kwa ndugu za marehemu baba yangu. Mama atawapikia. Kuhusu milozi, mama amesema asiyekuwa na maji asijidanganye na miti."

"Lini?"

"Kabla ya usiku wa Chilla."

Mahliqa, jikoni kwa watu. Mahliqa, ambaye hata baba alikuwa hamwamrishi, alikuwa akimbembeleza. Turan alipoondoka nilikaa na chungio mapajani nikitazama mwanga unavyopita kwenye matundu, mpaka mwanga ukahama.

Kisha nikasikia maji. Ilikuwa siku ya zamu yangu mimi, ile ya mahari, yakipita chini ya dirisha kuingia bustanini mwa kaka, kama kila mara. Hayo hayakuwamo kwenye urithi wa baba. Hayo sikuyasuluhisha na mtu.

Kausi, ya nne

Alinifungulia mlango mwenyewe, ushungi umeushika kwa meno.

"Sikuja kuomba radhi," nikasema, "maana najua sitapata. Nimekuja kukuachia maji ya mahari yangu."

"Sitaki sadaka yako, dada."

"Si sadaka. Ni suluhu."

Akacheka, kicheko kibaya kile, cha puani. "Ile ya mikia?"

"Ya kushikana mali. Kwa Mulla Hedayat, kwa mihuri. Safari hii ninajua ninachosema."

Nyuma yake niliona mizigo imefungwa, na gurudumu limelazwa ubavu.

"Kaka atakufanya nini?"

"Hilo ni langu."

"Na ukizeeka? Maji yale ndiyo kitu chako peke yako ulimwenguni. Utaegemea nini?"

Nilitaka kusema, wewe. Sina tena haki ya neno hilo.

"Siku ya Jumanne tunakwenda hamamu kuoga," nikasema. "Beba bunda lako la taulo, tusishukiwe."

Kausi, ya sita

Tulitoka na mabunda ya hamamu kichwani, mimi na wifi. Ndiyo, wifi. Nilimwambia nahitaji mtu wa kunitambulisha sauti, na sina mwingine. Nilidhani atanifukuza. Aliniambia tu, "Ngoja nifunge taulo, asije kaka yako akasema tumekwenda hamamu bila taulo." Kwenye kona tukamkuta Mahliqa. Wifi akasema barafu hii ya njiani ikimwangusha yeye, sisi wembamba tutakufa chini yake.

Pazia lilelile la kijani. Viatu vya mashahidi chini ya pindo. Mulla alisoma taratibu, nilimwomba, na kila alipofika kwenye neno lile alisimama na kuniuliza, "Umeelewa, binti yangu?" Nikasema nimeelewa. Maji yangu ya mahari, zamu yote, kwa Mahliqa, na baada yake kwa amtakaye, na mimi sina tena neno juu yake.

"Nani anaijua sauti hii?"

"Naijua mimi," akasema Shahrbanu kwa nguvu. "Ndiye Gauhar, naisikia kila alfajiri ikiamsha kuku wangu."

Mmoja wa mashahidi aliguna kwa kicheko. Hata mulla alikohoa kwa namna ya tofauti.

"Na upande wa pili unatoa nini? Lazima kitu, hata kidogo."

Mahliqa alifungua ncha ya ushungi. Pande la sukari lilikuwa palepale, lilelile, zima. Lina alama ndogo nyekundu ubavuni, ya komamanga. Aliliweka kwenye kiganja changu. Vidole vyake vilikuwa baridi, na vilirudi upesi.

"Bibi Mahliqa, umekubali?"

"Nimekubali," akasema, "kutoka kwa Gauhar binti Rajabali."

Mulla alikuwa amemwambia ataje jina. Mkataba hutaka jina. Najua. Lakini nilisikiliza mpaka mwisho, na baada ya mwisho pia, na hakuongeza neno "dada yangu".

Nje, Shahrbanu akasema tujimwagie maji kwenye kisima cha msikiti, nywele zetu kavu zisije zikatusema. Tukajimwagia, wanawake watatu wazima, meno yanagongana, na kwa kitambo kidogo Mahliqa alicheka nasi. Kisha akakusanya bunda lake akashuka mtaa wa chini.

Kausi, ya saba

Heydar alimwambia kaka. Kaka alikuja akasimama mlangoni, hakuingia.

"Umenikata mguu, dada. Upande wa mashariki ulikuwa unakunywa maji yako."

"Najua, kaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia tunafanya suluhu," nikasema.

Nilidhani atapiga kelele. Alinitazama kama alivyosema baba alimtazama, kisha akaondoka.

Kausi, ya kumi

Tangu juzi chakula changu kinaletwa chumbani kwenye sinia. Mkaa pia. Hakupunguza mkaa. Huyo ndiye kaka yangu; hanifukuzi, hanisemeshi. Shahrbanu huficha majozi chini ya wali.

Kausi, ya kumi na saba

Theluji. Mizigo ya Mahliqa imefunguliwa, Turan ameniambia. Amekuja kuazima chungio.

Kausi, ya ishirini na tisa

Kesho ni Chilla, usiku mrefu kuliko yote wa mwaka. Huko kwa kaka wanasafisha sebule, watakaa wote na miguu chini ya blanketi la kursi, ile meza ya makaa, watavunja makomamanga, watoto watagombania matikiti. Nimesikia wifi akiuliza kwa sauti ya kusikika kama sinia la dada nalo lipelekwe sebuleni au vipi. Sikusikia jibu.

Nilimpelekea Mahliqa makomamanga ya taji refu kwa mkono wa Turan. Yamepokewa. Kikapu kimerudi na lozi za mwaka jana ndani, kiganja kizima, zimebanguliwa. Hakuna salamu. Nimekipekua kikapu mara mbili, kama kichaa, nikitafuta salamu.

Leo ilikuwa zamu. Baada ya adhuhuri nilifungua dirisha, pamoja na baridi yote ile, nikayasikia yakija chini ya barafu, yakafika kwenye tundu la bustani ya kaka, yakapita. Yakateremka mtaa wa chini. Nilisikiliza mpaka sauti ikaisha.

Maji yamefika kwake. Mkataba umesimama, una mihuri, mulla amesema hakuna wa kuufuta. Ile suluhu nyingine, ya watu wasiojua kusoma, haijaja, na sijui aya yake.

Pande la sukari liko juu ya rafu, kando ya msahafu, katika kitambaa cha kalamu. Samawari inachemka. Mimi nanywa chai yangu kavu, bila sukari. Mahliqa alisema ataila siku maji yatakapofika kwake, na maji yamefika, kwa hiyo sukari ni yake, hata kama mkataba unasema ni yangu. Namngojea aje tuivunje.